Wenu, Siyo Yenu

Jumapili, 13 Februari 1994

Baridi kali. Ndoo ya maji niliyoisahau barazani imeganda hadi chini. Ninaanza daftari jipya leo, kama nifanyavyo kila mwaka utomvu wa mepo, ile miti ya shira, unapokaribia kushuka, na nitalifunga siku ndoo ya mwisho itakapooshwa.

Nimesoma agenda ya Mkutano wa Mji kwa mara ya tatu mlangoni mwa ofisi ya karani. Ina vipengele kumi na vinne na makosa mawili ya koma. Kipengele cha tisa kimeletwa na Delphine Tatro, muuguzi, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Anataka watu wa mji wetu wa Tarbell waache kukutana ukumbini kila Machi, kubishana na kupiga kura kwa sauti. Badala yake, kila mtu apite kwa wakati wake, atumbukize karatasi kwenye sanduku, arudi kwake.

Mimi ndiye msimamizi wa mkutano huo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Msimamizi hana maoni. Ila katika daftari hili ninayo. Kipengele hicho kikipita, Tarbell itabaki nyumba na barabara tu. Tunakutana tangu 1783. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mkata magogo na daktari husimama kwenye sakafu moja na kuamua pamoja nani aondoe theluji barabarani na kwa bei gani.

Bibi Regula Kundert anasema mahali pengine papo, tena kwao. Anasema hivyo kila Februari.

Jumanne, 15 Februari

Nimekula chakula cha mchana kwa Everett Rowell, jirani yangu mgema mepo. Bibi Regula ni mama mkwe wake. Alihamia kwao kutoka Uswisi, jimbo la Glarus, miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo hajaona kitu hapa kilichomtosha.

“Mnaweka barafu kwenye maji,” alisema leo, akiisogeza bilauri yangu kama mtu anayeondoa ushahidi, “na nje theluji imefika kifuani!”

Nikamwambia kwamba jibini lake la kijani linanuka kama zizi lililofungwa tangu vita.

“Hiyo ni pua isiyosoma. Na bendera! Bendera shuleni, bendera kanisani, bendera kituo cha mafuta. Mnaogopa kusahau mko nchi gani?”

“Afadhali bendera. Ninyi mmekaa milimani miaka mia sita mkitazama wengine wakipigana, kisha mkaliita jambo hilo hekima.”

“Mama, mwache ale,” alisema Everett. “Akikasirika atatupa mtihani.”

“Mtihani nitamshinda. Mkutano yenu, Mwalimu, ni mtoto mdogo.”

“Wenu,” nikasema. “Mkutano wenu.”

“Haya, wenu. Lakini yetu ya Glarus ina miaka mia sita na saba. Watu wote uwanjani, chini ya mbingu, mvua au jua. Tunasimama kwenye duara. Hatukai kwenye viti vya kukunja tukingoja maharage.”

Ndipo nikamuuliza swali nililokuwa nimelihifadhi tangu Krismasi. “Katika miaka hiyo mia sita na saba, Bi Regula, wanawake wamekuwa ndani ya duara miaka mingapi?”

Aliweka uma mezani. “Ishirini na miwili.”

“Basi miaka mia tano na themanini na mitano mlikutana nusu. Hapa Tarbell wanawake wetu wanasikika tangu 1920.”

Akasema, bila kunitazama, kwamba mama yake alikuwa akisimama nje ya kamba iliyozunguka duara kila Jumapili ya kwanza ya Mei, ameshika mwavuli. Kila hoja iliposomwa, alijibu kwa sauti ndiyo au hapana, kama waliokuwa ndani. Hakuna mwanamume aliyegeuza kichwa hata mara moja.

Nilikuwa nimeshinda. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa, ninapoiandika, si safi sana. Lakini ushindi ni ushindi.

Jumatano, 16 Februari

Theluji.

Jumamosi, 19 Februari

Tumeanza kugema. Miti mingi ya Everett imeunganishwa kwa mipira ya plastiki, wala simlaumu, maana ana miti elfu moja na mia mbili. Ile hamsini ya bondeni bado hutundikiwa ndoo za bati, kwa ajili yangu. Tangu utotoni nimependa tone la kwanza linapogonga bati tupu. Mwaka huu matone hayalii. Nilisimama kwenye mti wa tatu muda mrefu na kuona utomvu ukidondoka vizuri kabisa, lakini kimya.

“Bati la siku hizi ni jembamba,” nilimwambia Everett.

“Ndoo ni zilezile za babu, Mwalimu.”

Jumanne, 22 Februari

Birika la marehemu mke wangu Hester limeharibika filimbi, halilii tena maji yakichemka. Maji yamekauka yote na kitako kimeungua.

Alhamisi, 24 Februari

Joto la mchana, baridi ya alfajiri. Utomvu unashuka sana.

Nimekutana na Delphine Tatro dukani. Alisema jambo, nikaitikia kwa kichwa, naye akaondoka amenuna. Sijui alitaka nini. Watu wa siku hizi, hasa wanawake, hawafungui midomo wanapozungumza. Delphine nilimfundisha mimi mwenyewe kutamka irabu mwaka 1969, na haya ndiyo matunda.

Jumapili, 27 Februari

Nimeipiga nyundo ya msimamizi rangi ya mafuta. Bibi Regula alipita na mkate, maana anasema mkate wetu ni pamba, akaniuliza kama naogopa mkutano wa Jumanne.

“Msimamizi haogopi.”

“Mkutano yenu ikifa, utafanya nini?”

“Wenu. Ukifa.”

“Ukifa wewe?”

“Mkutano, Bi Regula!”

Alicheka hadi akashika kizingiti cha mlango. Mkate ni mzuri. Sikumwambia.

Jumanne, 1 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kesho watu watayasimulia vibaya.

Ukumbini walikuwamo wapiga kura mia moja na hamsini na wawili. Wasio na kura waliketi kwenye benchi la ukutani, karibu na jiko: mwandishi wa gazeti na Bibi Regula aliyevaa koti lake jeusi la kanisani. Kipengele cha kwanza ni kuchagua msimamizi. Nilichaguliwa bila mpinzani. Tukapita barabara, makaburi, gari la zimamoto na mengineyo. Saa tano na nusu tukafika kipengele cha tisa.

Kilijadiliwa kwa heshima. Mkata magogo mmoja alisema sanduku ni la watu wasiotaka kutazamana. Watu wakapiga makofi. Nikasoma hoja, nikasema, “Wanaokubali, semeni Ndiyo.”

Ndiyo ilikuja nyembamba, kama upepo kwenye ufa wa dirisha.

“Wanaopinga, semeni Hapana.”

Hapana ilianguka kama gogo.

“Hapana wameshinda,” nikasema, nikagonga nyundo. Niliona midomo ya Delphine ikitembea. Nilidhani ananung'unika na jirani yake. Nikatangaza mapumziko ya chakula. Niandike ukweli: moyo wangu ulikuwa ukiimba.

Jikoni mwa ukumbi kulikuwa na nyama ya nguruwe, maharage yaliyopikwa kwa shira ya mepo, na keki. Nilikuwa nikipakua maharage Bibi Regula alipokuja na kusimama mbele yangu. Alikuwa hajavua koti.

“Mwalimu Thayer, aibu.”

“Aibu ya nini?”

“Delphine ameomba kura zihesabiwe. Mara tatu! Amesimama wima, ukamtazama usoni, ukagonga nyundo yako.”

“Hakusema neno.”

“Amesema. Wote wamesema. Ndiyo ilijaa hapa ndani. Mimi sina kura, kazi yangu ni kusikiliza tu, na nimesikiliza. Umewafanya kama walivyomfanya mama yangu.”

Maneno hayo yalinichoma. “Bi Regula, nimesimamia mkutano huu miaka ishirini na sita. Sauti ya Ndiyo ilikuwa ndogo kuliko—”

“Zima kwanza birika, tuelewane.”

“Birika lipi?”

Wanawake wanne wa jikoni walikuwa wamesimama na sahani mikononi. Walinitazama mimi, kisha wakatazama nyuma yangu. Niligeuka. Juu ya jiko, hatua mbili kutoka kwenye bega langu, birika kubwa la chai lilikuwa likirusha mvuke hadi darini, mdomo wake ukitetemeka.

“Linalia?” nikauliza.

“Tangu ulipoingia, Mwalimu,” akasema Everett kutoka mlangoni.

Uso wa Bibi Regula ulibadilika. Hasira ilimtoka yote, na nilitamani ingebaki. “Kumbe hukudharau,” akasema polepole. “Husikii sauti za juu.” Kisha akaniuliza swali langu mwenyewe, bila ukali wowote: “Miaka mingapi, Mwalimu?”

Nilifikiria filimbi ya Hester. Nilifikiria ndoo za bondeni. Nilifikiria kura zote nilizoziamua kwa sikio.

Nilikwenda kwenye chumba cha makoti nikakaa robo saa. Kanuni ni wazi. Uamuzi unaweza kurudiwa katika mkutano uleule maadamu kipengele kinachofuata hakijafunguliwa. Ningerudi kwenye meza yangu na kusema “kipengele cha kumi,” maneno matatu tu, na ukumbi huu ungebaki wetu mwaka mwingine. Delphine angedhani ni dharau, kama alivyokwisha kudhani. Watu wa jikoni wangeninyamazia kwa huruma. Nimewafundisha watoto wa mji huu kwa miaka thelathini na minane kwamba kosa lisilosahihishwa huwa kanuni. Nilisimama nikafunga vifungo vya koti.

Nilipofungua kikao nilisema hivi: “Mabibi na mabwana, uamuzi wangu juu ya kipengele cha tisa haukuwa sahihi. Masikio yangu hayasikii sauti za wanawake sawasawa. Sijui tangu lini. Bibi Tatro aliomba hesabu, ilikuwa haki yake, nami sikumpa. Ninaomba radhi kwake na kwenu. Kipengele cha tisa kinarudiwa, na anayetaka kusema atasema.”

Ukumbi ulikuwa kimya, au nilidhani hivyo. Delphine alisimama.

“Njoo hapa mbele,” nikamwambia, “karibu na sikio hili.”

Alikuja. “Miaka minne ninasimama, Mwalimu. Miaka minne unamwita mtu aliye nyuma yangu. Nilidhani ni kwa sababu nilifeli Kilatini.”

“Hukufeli. Ulipata hamsini na moja.”

Walicheka, na yeye akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba wauguzi wa zamu na mama wenye watoto wachanga hawawezi kukaa ukumbini siku nzima. Alisema, “Na tukija, tunakuta haya. Sanduku halina sikio bovu.” Hakuna aliyepiga makofi, lakini watu wengi waliinamisha vichwa.

“Sasa tutapigaje kura?” akauliza mtu. “Mwalimu hawezi kusikiliza tena.”

Everett alisimama akaomba mama mkwe wake aruhusiwe kusema, maana kwao jambo hili wanalijua. Asiye na kura husema hapa theluthi mbili ya wapiga kura wakikubali. Wakasimama karibu wote kukubali.

Bibi Regula alibaki palepale ukutani. “Mkutano yenu nzuri,” alianza.

“Mkutano wenu ni mzuri,” nikasema kabla sijajizuia.

“Mwache, Mwalimu!” wakapaza sauti watu wa nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

“Mzuri,” akasema, “ila nyinyi Wamarekani mnafikiri mwenye kelele ndiye mwenye haki. Kwetu hatuulizi sauti. Kila mtu anainua mkono, kiongozi anatazama. Mkono ya mkata miti na mkono ya bibi kizee ni urefu moja. Babu zetu walikuwa na akili hiyo miaka mia sita, isipokuwa walisahau kutuita sisi. Basi, nimemaliza.”

Akaketi. Tukainua mikono. Wahesabuji wawili walipita kila safu. Niliona mkono wa Delphine kwenye Ndiyo, umenyooka kama mwiba. Niliona pia mikono ya wanawake ambao midomo yao, asubuhi, nilikuwa nimeiona ikisema Ndiyo, sasa imetulia magotini.

Ndiyo sitini na wanane. Hapana themanini na mmoja. Watatu hawakuinua. Mkutano umebaki.

Kama asubuhi Ndiyo walikuwa wengi zaidi, hatutajua kamwe. Hilo nitakufa nalo. Delphine alinipa mkono na kusema, kwenye sikio langu la kulia, “Nitakileta tena mwakani.” Nikamwambia nitakisubiri, na kwamba asahihishe koma. Kisha Everett akatoa hoja kwamba kuanzia leo kila kura ya Tarbell ipigwe kwa mikono. Ikapita kwa mikono.

Wangeweza kunizomea. Wangeweza kunivua nyundo pale pale, na wangekuwa na haki. Badala yake walikaa wakarudia kazi ya saa nzima, wakaacha maharage yapoe, ili mwanamke mmoja apewe hesabu aliyoiomba. Huu ndio mji wangu. Ninaujivunia kuliko nilivyoujivunia jana, na Glarus iseme itakavyo.

Jumatano, 2 Machi

Nimelala hadi saa mbili asubuhi. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 9 Machi

Utomvu mwingi. Everett amechemsha mchana kutwa, mvuke umejaa kibanda cha kuchemshia hadi tunagongana. Nilimwambia Bibi Regula kwamba nilichosema Februari juu ya duara lao hakikuwa na adabu.

“Kilikuwa kweli,” akasema. “Adabu haikuwemo, lakini kilikuwa kweli.” Akanipa kipande cha mkate chenye jibini la kijani. Nimekila chote. Bado linanuka.

Jumapili, 20 Machi

Gazeti limeandika kuhusu “desturi ya kale ya Tarbell ya kupiga kura kwa kuinua mikono.” Bibi Regula alilisoma kwa sauti kubwa, akisimama kila baada ya neno.

“Ya kale! Siku kumi na tisa! Jibini hii iliyo mezani ni ya kale kuliko desturi hiyo. Mwalimu, nyinyi watu mkiazima kitu saa nne, saa sita ni cha babu yenu.”

“Tunakitunza vizuri, ndiyo maana kinaonekana chetu.”

“Wezi wenye adabu.”

“Na ninyi mlikaa nacho miaka mia sita bila kumwonyesha mtu.”

Alikunja gazeti, akanisukumia jibini.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimepata vifaa vya masikio. Delphine ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake, na njia nzima ya kurudi alizungumza nami nikamjibu. Nilipochemsha maji kwenye birika jipya nilidhani ni king'ora cha moto, nikatoka nje mbio. Viatu vyangu vinalia. Nimetembea mji huu miaka na viatu vinavyolia, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia.

Jumapili, 10 Aprili

Utomvu umebadilika harufu. Machipukizi yameanza kuvimba, na shira ya sasa itakuwa chungu. Everett amezima moto. Vyura wadogo wa bondeni, niliodhani wamekwisha, wanalia kama kengele elfu.

Tulikuwa tukiosha ndoo za bati mbele ya kibanda bwana mmoja aliposimamisha gari kununua shira. Alikuwa mtu wa jimbo la Connecticut, mwenye viatu safi. Alionja, akaomba galoni mbili, kisha akaona tangazo la mkutano wa Machi ambalo bado limebandikwa mlangoni.

“Bado mnafanya mambo haya?” akacheka. “Kukaa siku nzima kubishana kuhusu makaburi? Katika karne hii? Ulaya wangetucheka.”

Nilikuwa nikifungua kinywa. Sikuwahi.

“Mimi ni Ulaya,” alisema Bibi Regula. Aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamsogelea hadi yule bwana akarudi nyuma kidogo. “Na sicheki. Wewe kwenu, muuguzi akisema mkubwa amekosea, mkubwa anasimama mbele ya watu wote anasema, kweli, nimekosea? Wanarudia kazi? Hapana. Wanakuandikia barua. Basi lipia shira yako, baba, usiguse mkutano yetu.”

Kila irabu niliisikia. Everett alinitazama akingoja. Bibi Regula naye aligeuka akanitazama, kidevu juu, akingoja.

Niliokota ndoo nyingine nikaendelea kuosha.